Chukudu ikisha kushika mbio: kani na mwendo, vile niliwaelezea wanafunzi wa Goma

Jambo wote. Jambo Papa Prefe, mkuu wetu wa shule, jambo walimu, na jambo kwenu wadogo zangu, nyie wa nyuma kule sogeeni karibu maana leo sitaandika kitu ubaoni, ubao wetu ni hii chukudu mnaiona hapa, hii baiskeli ya mbao ya magurudumu mawili, isiyo na pedali, ya kubebea mizigo. Nimeiazima kwa jirani yangu anayetelemsha viazi kutoka Kibumba, na nimemwahidi saa nane itakuwa imerudi kwake kwa sababu njo kazi inayolisha nyumba yake.

Swali la kwanza. Naisukuma hivi, naiachia... imeenda, imeenda, imesimama. Kwa nini imesimama? Jibuni bila kuogopa.

(Hapo uwanja mzima walijibu kwa sauti moja: "Nguvu imeisha!")

Sawa, nguvu imeisha. Nimefurahi mmejibu hivyo, maana kwa umri wenu mimi nilijibu vilevile, na hata Aristotle, yule Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kitu cha namna hiyo, kwamba kitu kinatembea kwa sababu kuna kinachokisukuma na ukiacha kusukuma kinasimama. Watu wenye akili nyingi waliishika hiyo karibu miaka 2,000. Hawakuwa wajinga, macho yenyewe njo yanatuonyesha hivyo kila siku, toroli ukiiacha inasimama, mpira unasimama, mtumbwi ukiacha kupiga kasia unasimama.

Lakini si kweli wadogo zangu. Chukudu haikusimama kwa sababu kitu fulani ndani yake kimeisha, hamkuweka kitu ndani yake kama mafuta. Imesimama kwa sababu kuna kitu kimeisimamisha. Nikifaulu kuwatolea hilo moja tu kichwani leo, mengine yote ya fizike ya mwendo mtayapata wenyewe, na nisipofaulu mtabaki mnakariri sheria tatu kwa Kifaransa siku ya mtihani na kuzisahau kesho yake, vile nilifanya mimi.

Kwanza neno. Kwenye daftari mnaandika forsi, mtaani tunasema nguvu, Swahili ya vitabu inasema kani. Mimi nitasema kani, juu neno nguvu limebeba mizigo mingi mno, nguvu ya umeme, nguvu ya dawa, nguvu ya maombi. Kani ni kusukuma au kuvuta, basi. Ina ukubwa na ina upande inakoelekea.

Sasa nani ana mkono imara? Wewe dada, njoo. Hii ni mizani ya ndoano, ile ya sokoni wanapimia nyama, ndani yake ni springi tu. Funga ndoano hapa mbele ya chukudu, uvute polepole kwenye sehemu hii tambarare, na wewe kaka tembea pembeni yake usome namba kwa sauti. Tuvute.

(Alivuta. Kijana akasoma: "Sita... tano... tatu... tatu... bado tatu.")

Mmesikia? Wakati chukudu inaanza kutoka kusimama mpaka kushika mwendo wa kutembea, mizani ilipanda kwenye 6. Ikisha kushika mwendo na dada anatembea sawa bila kuongeza wala kupunguza, mizani ilirudi kwenye 3 ikakaa hapo. Kama Aristotle angekuwa na haki, mizani ingesema chukudu inahitaji 3 ili iendelee tu kutembea. Lakini muangalie chini kwenye magurudumu. Gurudumu la mbao limevikwa kipande cha tairi, linakanyaga kokoto za volkano, mpira unabonyea, mhimili unasuguana na tundu lake. Hiyo yote inavuta nyuma, njo tunaita msuguano. Dada anavuta 3 mbele, msuguano unavuta 3 nyuma, jumla ni sufuri. Na chukudu yenye jumla ya kani sufuri inafanya nini? Inaendelea vile ilivyokuwa, kwa kasi ileile, kwenye mstari uleule. Zile kilo 3 za ziada za mwanzoni njo zilikuwa zinabadilisha mwendo, kutoka kusimama kwenda kutembea. Kazi ya kani ni hiyo, kubadilisha mwendo. Kuendelea tu hakuhitaji kani yoyote.

Huyo aliyeiona vizuri kwanza ni Galileo, Mtaliano, kwa kuviringisha vitufe kwenye mbao zilizoinama na kupima muda kwa maji yanayotiririka, hakukuwa na saa ya sekunde. Aliona kitufe kikishuka mbao moja kinapanda nyingine mpaka karibu urefu uleule, na ukilaza ile ya pili kidogo kidogo kinaenda mbali zaidi na zaidi kutafuta urefu wake. Akajiuliza, je nikiilaza kabisa? Kitaenda mpaka wapi? Mimi hilo swali bado linanisisimua hata sasa nikilisema mbele yenu, maana jibu ni kwamba kama hakuna kinachokizuia, hakitasimama. Newton akaja baadaye akaliweka kuwa sheria yake ya kwanza, kwenye kitabu kilichotoka 1687. Njo ile mnaita inersia.

Mnataka mfano? Nitawapa miwili ya mwaka mmoja. Januari 1977 volkano yetu Nyiragongo ilipasuka, wazee wetu wanakumbuka, lave yake ilikuwa nyepesi sana kama uji, ikashuka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia, watu wengi wakafa. Mwaka uleule, mwezi wa tisa, Wamarekani walirusha chombo kinaitwa Voyager 1. Ile lave ilisimama siku hiyohiyo, ilisuguana na ardhi, ikasuguana yenyewe kwa yenyewe, ikapoa ikawa nzito ikawa jiwe, na leo mnatembea juu ya mawe ya namna hiyo. Voyager bado inaenda. Hakuna injini inayoisukuma mbele, ina vijiinjini vidogo vya kuigeuza tu ili antena iangalie kwetu, na bado inakata karibu kilomita 17 kila sekunde, imeshafika zaidi ya kilomita bilioni 24. Inaenda kwa sababu ilikuwa inaenda na kule hakuna kokoto wala upepo wa kuisimamisha. Kuna uvutano wa jua tu unaoipunguza kidogo sana, na kwa kasi ile hautaweza kuirudisha.

Na nyinyi mlivyokaa hapo mnajiona mmetulia. Dunia inajizungusha, na sisi huku karibu kabisa na ikweta, ardhi ya Goma inakimbia kwenda mashariki zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Kuna mtu amesikia upepo wake? Hakuna, kwa sababu hewa, ziwa, benchi na wewe mwenyewe mnaenda pamoja kwa kasi ileile. Mwili hausikii kasi. Mwili unasikia mabadiliko ya kasi. Jueni hilo mkipanda taxibus, dereva akiwa anaenda 40 sawasawa unaweza hata kusinzia, akikanyaga freni ghafla ndipo wote mnamwagika mbele. Hakuna aliyewasukuma mbele. Gari ndiyo imezuiwa, nyinyi mlikuwa mnaendelea na safari yenu.

Haya turudi kwenye chukudu, sasa tuipakie. Vijana wanne, leteni ile mifuko miwili ya mchanga, kila mmoja kilo 50. Dada vuta tena kwa kani ileile ya mwanzo, kilo 6 usizidishe.

(Alivuta. Chukudu haikusogea.)

Unaona. Mzigo umeongeza mambo mawili na watu wengi wanayachanganya. La kwanza, mzigo unakandamiza magurudumu chini kwa hiyo msuguano umekua, 6 haitoshi hata kuushinda. La pili ni masi yenyewe, ule ubishi wa kitu kukataa kubadilishwa mwendo wake. Hata tungeondoa msuguano wote, tungeiweka kwenye barafu, hii yenye mzigo ingechukua muda mrefu zaidi kushika kasi kuliko ile tupu, kwa kani ileile. Hiyo njo sheria ya pili, kani ni masi mara vile kasi inabadilika kila sekunde. Newtoni 1 ni kani inayochukua kilo 1 na kuiongezea kasi ya mita 1 kwa sekunde, kila sekunde inayopita.

Na hapa niseme kitu kuhusu kilo na uzito juu mizani imetudanganya kidogo kwa lugha. Kilo ni masi. Uzito ni kani, dunia inavyokuvuta chini, kila kilo inavutwa karibu newtoni 9.8. Kwa hiyo ile 3 ya mizani tuseme karibu newtoni 30. Kwenye vitabu vyenu mmeandikiwa 9.81, hiyo ni ya Paris. Sisi tuko karibu na ikweta, na tuko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hapa inakaribia 9.78. Mwalimu akiwapa 9.81 kwenye mtihani mwandike 9.81 msigombane naye, lakini mjue ya kwetu.

Sasa tufike mahali ambapo roho yangu iko. Nimemuuliza yule jirani mwenye chukudu, kazi ngumu ni kupanda au kushuka? Nilidhani atasema kupanda. Akaniambia, "Kupanda unachoka tu. Hii kitu ikisha kushika mbio haiko nakusikia tena, inafaa ujue vile utaisimamisha mbele ya kuiachilia." Sijawahi kusikia mwalimu yeyote akieleza inersia vizuri hivyo, na huyu mtu hajakaa kwenye benchi la fizike hata siku moja.

Tupige hesabu yake. Mtu, chukudu na viazi, tuseme kilo 400 zote pamoja. Anashuka kwa kilomita 18 kwa saa, gawanya kwa 3.6, ni mita 5 kwa sekunde. Freni yake ni hii hapa, kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, anakikanyaga kwa mguu. Tuseme freni na msuguano vyote pamoja vinampa newtoni 800. 800 gawanya kwa 400, ni 2, yaani kila sekunde anapoteza mita 2 kwa sekunde za kasi yake. Sekunde 2 na nusu amesimama. Katika muda huo ametembea umbali gani? Kasi ya katikati ni 2.5, mara sekunde 2.5, ni mita 6 na kidogo. Si mbaya.

Sasa aachie ifike 36 kwa saa, mita 10 kwa sekunde. Freni ileile. Atasimama kwa sekunde 5, na kasi ya katikati ni 5. Atatembea mita ngapi?

(Kimya, halafu sauti moja ya msichana: "Ishirini na tano.")

Ishirini na tano! Kasi imekuwa mara mbili, umbali umekuwa mara nne. Nataka hiyo mara nne iwaingie mpaka kwenye mifupa, juu watu wengi barabarani wanafikiri kwa mara mbili. Na bado nimewapigia hesabu ya sehemu tambarare. Kwenye mtelemko dunia inavuta sehemu ya uzito kuelekea chini ya njia. Mtelemko wa mita 5 za kushuka kwa kila mita 100 ni mdogo, lakini kwa kilo 400 unasukuma karibu newtoni 196 mbele. Toa kwenye 800, freni yako imebaki 604, na zile mita 25 zinakuwa 33. Mvua ikinyesha, mpira umelowa, freni imepungua, sitaki hata kuendelea na hesabu. Mtoto anakatiza njia mita 20 mbele yako, ukaanza kukanyaga freni saa hiyohiyo. Hesabu imeshajibu.

Mimi nilianguka na moto, yaani pikipiki, mwaka mmoja, tulikuwa watatu tumebanana juu yake, motari akakanyaga freni kwa sababu ya mbuzi, mimi nilikuwa wa katikati nikawa na bahati, yule wa nyuma alipita juu yetu wote. Alipita juu kwa sababu alikuwa bado ana ile kasi yake na hakuna kitu kilichomshika kumwondolea. Kofia ngumu inafanya nini basi? Haipunguzi kasi ya kichwa chako. Inarefusha muda wa kichwa kusimama, sponji ya ndani inabonyea, na kasi ileile ikiondolewa kwa muda mrefu mara tano, kani ya wastani inakuwa ndogo mara tano. Ni ileile sheria ya pili.

Imebaki ya tatu na hii ina kisa. Nilikuwa na miaka 15, mwalimu akasema ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa kani ileile upande wa kinyume. Nikanyoosha mkono, nikauliza, kama nasukuma chukudu kwa 100 na yenyewe inanisukuma kwa 100, si zinamalizana? Mbona inaenda? Akaniambia kaa chini, jifunze somo vile liko. Nikakaa na hilo swali miaka mingi, nikaamini mimi njo mzito wa akili. Kwa hiyo leo nalijibu polepole, kwa ajili ya yeyote hapa aliyewahi kukalishwa chini.

Kani mbili zinamalizana zikiwa juu ya kitu kimoja. Hizi ziko juu ya vitu viwili. Ukitaka kujua chukudu itafanya nini, hesabu kani zinazoigusa chukudu peke yake, mikono yako inaisukuma mbele 100, msuguano wake unavuta nyuma, tuseme 60, imebaki 40, inaongeza kasi. Ile 100 ya chukudu kukurudisha nyuma haimo humo, hiyo ni ya kwako wewe, iko kwenye kifua chako na viganja vyako. Na wewe mbona hurudi nyuma? Kwa sababu ya miguu. Angalia mguu wako ukisukuma chukudu, unasukuma ardhi kwenda nyuma, na ardhi nayo inakusukuma wewe mbele. Kinachokupeleka mbele ni ardhi. Vaa kandambili zilizolainika, simama kwenye utelezi, halafu usukume, utaona nani anaenda nyuma.

Mmeona kamiyo zinavyokwama njia ya Masisi wakati wa mvua? Injini iko na nguvu kabisa, magurudumu yanazunguka kwa hasira, matope yanaruka, na gari iko palepale. Gurudumu linatakiwa lisukume ardhi nyuma ili ardhi ilisukume mbele, na matope hayashikiki, hayana cha kurudisha. Ndiyo maana wanaweka mawe na matawi chini ya matairi, wanalitafutia gurudumu kitu cha kusukuma. Kwa hiyo ule msuguano tuliokuwa tunaulaumu saa ile kwa kusimamisha chukudu, huohuo njo unatutembeza sisi wote.

Wale mnaoenda Kituku kununua samaki mnajua, ukiruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda nchi kavu mtumbwi unarudi ziwani. Una kilo 60, mtumbwi 120, ukitoka mbele kwa mita 2 kwa sekunde, wenyewe unarudi kwa mita 1, mara mbili ya uzito nusu ya kasi. Ndiyo sababu wavuvi wanashika kamba kwanza. Na wakipiga kasia usiku wakienda kuvua sambaza, wale samaki wadogo, ni vilevile, wanatupa maji nyuma, maji yanawatupa mbele. Hata Voyager ilipotoka duniani roketi yake haikusukuma hewa, ilitupa gesi yake yenyewe nyuma, kwa hiyo inafanya kazi hata pasipo na hewa.

Nimeona mkono kule. Sema mdogo wangu.

(Mvulana wa mwaka wa tatu: "Yaya, kama msuguano hauko na chukudu inaenda milele, basi si tungepata nguvu ya bure?")

Swali zuri sana, usikae chini, baki umesimama. Ingeenda milele ndiyo, lakini siku ukitaka ikufanyie kazi, ikusagie unga au ikuvutie maji, utaigusa, na ukiigusa unaivuta nyuma, na itaanza kupungua kasi. Itakupa ileile uliyoweka wakati unaisukuma mwanzo, haiongezi hata kidogo. Kwa hiyo kwenda bila mwisho inawezekana, kutoa bila mwisho haiwezekani. Umeona tofauti? Ukipata nafasi kaa ulifikirie usiku, mimi lilinichukua muda.

Haya tuna saa moja kabla chukudu haijarudi kwa mwenyewe. Tunaenda pale kwenye kile kimtelemko kidogo nyuma ya madarasa. Tutaiachia tupu kutoka kwenye jiwe la kwanza, halafu kutoka kwenye jiwe la juu, halafu tutafanya vilevile na mifuko ya mchanga, na kila mara tutapima inasimama mita ngapi baada ya mtelemko kuisha. Kabla hatujaiachia kila mtu aandike namba yake kwenye karatasi, anadhani yenye mzigo itafika mbali zaidi, au karibu zaidi, au palepale, na aandike kwa nini. Walimu pia mwandike. Hakuna mtu kusimama mbele ya njia, wote pembeni. Nani ana simu yenye krono ya kupima sekunde? Na wewe uliyesema ishirini na tano, shika hii futi, wewe njo utakuwa wa kupima.